Karata za Mtukufu ni Nzuri

Ndugu msikilizaji. Samahani, msomaji. Nimezoea maikrofoni mno, hata nikishika kalamu bado natafuta pa kusogeza mdomo. Naitwa Sudi Mbaraka, mtangazaji wa redio ya taifa, na kazi niliyoajiriwa ni kutangaza mchezo wa karata. Usicheke. Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu siku hizi tuna haya kidogo, mchezo wa karata ndiyo Bajeti.

Zamani tulikuwa na bunge la bajeti kama nchi nyingine. Wabunge walikaa, wakasinzia, wakaamka kupiga makofi, wakasinzia tena. Mtukufu Rais wetu akaona huo ni usumbufu kwa usingizi wa watu wazima. Aliporudi kutoka ziara katika nchi moja ya mbali yenye mataa mengi, alisema amewaona watu wakigawana mali kwa utulivu, wamevaa suti, bila hotuba na bila mtu kuomba mwongozo wa Spika. Mtu akikitaka kitu anaweka dau. Asipokitaka anatupa karata zake na kuagiza soda. Mchezo huo unaitwa poka. Wiki haikupita viti vya bunge vikaondolewa, zikaletwa meza zilizovikwa kitambaa cha kijani, na Spika akapelekwa mafunzoni kujifunza kuchanganya karata.

Sheria zenyewe si ngumu. Hata mama yangu anazijua, na yeye anasikiliza redioni tu. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa katikati ya meza, hizo ni za wote. Mwenye mkusanyiko bora anachukua kapu, yaani kila kilichowekwa katikati. Mwenzako akipandisha dau, ama unatupa karata, ama unalinganisha, yaani unaweka sawa na yeye ili karata zifunuliwe. Hatuchezei pesa, maana pesa zetu hazipendi kuonekana hadharani. Tunachezea vipande vya plastiki, na kila kipande ni kitu cha kweli kilichopo mahali fulani. Cha bluu ni kisima. Cha njano ni mwalimu. Cha kahawia ni lami, kwa urefu utakaokubaliana na mkandarasi. Cheupe ni hospitali au kiungo cha hospitali.

Meza ziko mbili, na hapa ndipo ustaarabu wetu unapoanza.

Meza ya Kikomo iko ukumbi wa chini, jirani na vyoo. Huko wanacheza wawakilishi wa wilaya, watu wa kawaida wenye mifuko ya plastiki na vitambaa vya jasho. Dau limepangwa. Raundi za mwanzo unaweka kipande kimoja, za mwisho viwili, hakuna zaidi. Kupandisha dau kunaruhusiwa mara tatu kwa kila raundi, basi. Na adabu inasimamiwa kwa macho makali. Ukitaka kupandisha, sema kwanza, kisha sukuma vipande vyako kwa mkono mmoja, kwa mara moja. Mwakilishi mmoja wa kusini alisukuma kipande, akafikiri, akasukuma cha pili. Hiyo ni kusukuma kwa awamu, kosa kubwa sana. Wakamnyang'anya kisima, na wananchi wake sasa wanachota maji wilaya jirani kwa hisani. Mwingine alisema "ngoja kidogo" kabla ya zamu yake kufika. Akapoteza mwalimu wa hesabu. Neno likishatoka mdomoni mezani ni dau, hata kama ulikuwa unapiga chafya.

Meza Isiyo na Kikomo iko ghorofa ya juu, kwenye zulia, chini ya feni inayozunguka. Huko anacheza Mtukufu na mawaziri. Huko mtu anaweza kuweka dau lolote wakati wowote, hata vyote kwa mkupuo. Katika ile nchi yenye mataa mengi, mchezo huu wa bila kikomo una kikomo kimoja tu: huwezi kuweka usichokuwa nacho mbele yako. Kanuni hiyo ilifika hapa, ikakaa majuma machache, ikafutwa kwa hotuba ya Waziri wa Mipango na Madau, Mheshimiwa Hamdani Kizibo. Niliitangaza mwenyewe moja kwa moja.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Kizibo huku akijifuta uso, "hebu tujiulize. Kiongozi mwenye maono, mbele yake ni wapi? Ni pale anapofika mkono tu? Hapana! Hiyo ni mbele ya mtu mfupi! Mbele ya kiongozi ni taifa zima, kutoka mpaka hadi mpaka!"

Tukapiga makofi. Tangu siku hiyo mawaziri wanaweka mezani vitu ambavyo hawajawahi kuviona. Awamu, ambazo chini zinamfilisi mtu, juu zinaitwa utekelezaji. Nimemwona waziri akisukuma daraja zima kwenye kapu, akalivuta, akasukuma nusu. Ndiyo maana ukifika kwenye mto wetu mkubwa utakuta daraja limefika katikati ya maji na kusimama, kama mtu aliyesahau alichofuata.

*

Lazima nieleze na adabu za juu, maana wageni hawazielewi na mimi naona aibu kuwaeleza kwa mdomo.

Adabu ya kwanza: waziri haangalii karata zake. Anazipokea, anaziweka kifudifudi, anatabasamu. Kuziangalia ni dalili kwamba unafikiria kushinda, na kufikiria kushinda mbele ya Mtukufu ni ugonjwa unaotibiwa kwa ubalozi wa mbali.

Ya pili: anayecheza na Mtukufu apandishe dau kidogo, ili mchezo uwe na msisimko redioni. Mtukufu akipandisha tena, wewe unatupa karata na kusema kwa sauti, "Karata za Mtukufu ni nzuri." Ukumbi wote unaitikia, "Ni nzuri!" Mtukufu anavuta kapu. Kwa utawala wake wote hakuna aliyewahi kumtaka afunue. Hatukujua alishinda kwa karata zipi. Tulijua tu kwamba ni nzuri.

Ya tatu ni ya kwetu peke yetu, haipo katika nchi yenye mataa. Waziri akiweka dau kitu cha wilaya fulani, mwakilishi wa wilaya hiyo anaitwa juu. Waziri anamkabidhi karata zake, na mwakilishi ndiye anayezitupa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa njia hiyo historia itaandika kwamba wilaya ilijitoa kwa hiari. Wengi walipanda zile ngazi wakiwa wilaya yenye kisima, wakashuka wakiwa wazalendo.

Msimamizi wa adabu zote hizi ni Mkuu wa Itifaki ya Meza, Bwana Saburi, mzee mwembamba mwenye glavu nyeupe. Amewahi kusoma kanuni za poka mpaka ukurasa wa mwisho. Ni mtu pekee nchini aliyefanya hivyo, na kila ukimtazama unaona jambo hilo linamuumiza.

*

Sasa nikuletee Bi Nyamizi Shitindi, anayejulikana zaidi kwa jina la Mama Kalunde, mwakilishi wa wilaya ya Mwambashimo. Ni mama mnene, mpole, anayevua viatu chini ya meza akicheza. Mwambashimo iko mbali. Mama mjamzito wa huko, uchungu ukimshika, alikuwa anapandishwa baiskeli kwenda hospitali ya mkoa, na njiani kuna mteremko ambao wenyeji hawapendi kuuzungumzia.

Mama Kalunde aliamua wilaya yake ipate wodi ya wazazi, na akaitafuta kwa namna pekee inayoruhusiwa watu wa chini: kipande kimoja, kisha viwili. Msimu mmoja alishinda vitanda. Msimu uliofuata alishinda mabati. Alikaa karibu mwaka mzima akitupa karata mbovu bila kunung'unika, mpaka akapata jozi ya wafalme na kushinda mkunga mzima, Sista Matilda, mwenye cheti. Hakusukuma kwa awamu hata siku moja. Hakusema neno nje ya zamu. Bwana Saburi, akishuka chini kukagua, alikuwa anasimama nyuma ya kiti chake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Wodi ikafunguliwa. Vipande vyake vidogo vikabadilishwa kwa kipande kimoja kikubwa cheupe, kikawekwa kwenye kabati la kioo ghorofa ya juu kwa usalama. Na binti yake Kalunde, mimba yake ya kwanza, alikuwa amebakiza siku chache ajifungue.

"Sudi mwanangu," Mama Kalunde aliniambia asubuhi moja kwenye korido, akiwa na chupa ya chai mkononi, "binti yangu atakuwa wa kwanza kulala kwenye kitanda kile nilichoshinda kwa jozi ya tisa. Utatangaza?"

"Nitatangaza, mama," nikamwambia. Habari njema zinaruhusiwa zikiwa fupi.

*

Mchana ule ule Mtukufu aliamka na hamu ya kucheza. Mawaziri wakakimbilia vitini. Mimi nikavaa vipokea sauti, nikaanza: "Ndugu msikilizaji, hali ya hewa ndani ya ukumbi ni tulivu, feni inazunguka kwa kasi ya maendeleo."

Karata zikagawiwa. Mheshimiwa Kizibo akaweka zake kifudifudi na kutabasamu. Mtukufu akaziinua zake, akazitazama kwa umakini mkubwa kama anavyofanya daima, akaweka dau shamba la mkonge. Wengine wakajitoa kwa adabu. Karata za katikati zikafunuliwa moja moja: malkia wa uru, tisa, nne, mfalme, kumi. Ikafika zamu ya Kizibo kupandisha kidogo kwa ajili ya msisimko.

Kizibo akaangalia kabati la kioo. Kipande cheupe kilikuwa kipya, kinang'aa.

"Napandisha," akasema, "kwa wodi ya wazazi ya... ya... huko."

"Mwambashimo," akasaidia Bwana Saburi, sauti ikiwa chini.

"Huko huko."

Mtukufu akafurahi. Alikuwa anajenga nyumba ya wageni kijijini kwake na vitanda vilikuwa pungufu. "Naweka vyote," akasema, na kusukuma rundo lake kwa mikono miwili, na vipande vya watu vikamwagika katikati ya meza.

Nikasikia Mama Kalunde anaitwa kwa kipaza sauti. Alipanda ngazi akiwa peku, kwa kuwa hakupewa muda wa kuvaa viatu. Alipoona kipande cheupe katikati ya kapu, alisimama. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama swichi ya maikrofoni, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Karibu, mama," akasema Mheshimiwa Kizibo kwa uchangamfu. "Wilaya yako imepata heshima ya kuchangia. Hizi hapa karata. Zitupe tu, halafu utasema maneno, unayajua. Juisi ipo pale."

Mama Kalunde akazipokea. Na hapa, ndugu msomaji, ikatokea kasoro ambayo wataalamu wetu bado wanaichunguza. Katika adabu zetu zote hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwakilishi asiziangalie karata anazozitupa. Hatukuona haja. Nani ataangalia kitu anachokitupa? Lakini huyu alikuwa mtu wa Meza ya Kikomo, ambako hakuna anayetupa karata bila kuzijua, kwa sababu kila karata ni kitanda cha mtu. Akaziinua pembe kwa kidole gumba, kidogo tu, kama walivyozoea kule chini.

Akakaa kitako kwenye mkono wa kiti cha Waziri.

"Nalinganisha," akasema.

Feni ilisikika. Waziri wa Kilimo, aliyekuwa amesinzia, aliamka na kupiga makofi, akagundua yuko peke yake, akaacha.

"Anasemaje huyu?" akauliza Mtukufu.

"Ana... amekosea neno, Mtukufu," akasema Kizibo. "Mama, husemi hivyo. Unasema karata za Mtukufu ni nzuri."

"Nimelinganisha dau lake, mheshimiwa. Kwa vyote vilivyo mbele ya kiti hiki." Na kwa mkono mmoja, kwa mara moja, akasukuma rundo lote la Waziri katikati.

"Hivyo ni vyangu!" Kizibo akapiga kelele. Kisha akakumbuka redio. "Yaani ni vya wizara! Ni vya wananchi, lakini viko kwangu! Bwana Saburi, mzuie!"

Macho yote yakamwendea Bwana Saburi. Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Kanuni," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa jino lake mwenyewe, "inasema mwenye karata mkononi ndiye mchezaji. Zamu ilikuwa yake. Ametamka kwanza, amesukuma mara moja. Neno lake ni dau." Akamgeukia Mtukufu. "Mtukufu anaombwa afunue."

Nikasema hewani, "Ndugu msikilizaji, kuna ukimya wa kizalendo."

Sote tulidhani Mtukufu atakasirika. Tungependa akasirike, tumezoea. Badala yake aliona fahari. Alikuwa hajawahi kupata nafasi ya kuonyesha. Akazigeuza karata zake taratibu, akazinyoosha zilingane kwa ncha za vidole, akaegemea kiti akisubiri tushangilie.

Ilikuwa mbili ya shupaza na saba ya kopa.

Msomaji usiyejua poka, nikwambie kwamba hakuna karata mbili mbovu kuliko hizo. Kule chini mtu akizipata anazitupa hata kabla hajaketi vizuri.

"Ehe?" akasema Mtukufu. Akatuzungushia macho. "Si ndizo?"

Mama Kalunde akafunua zake: malkia wa kopa na malkia wa shupaza. Pamoja na yule wa katikati, malkia watatu. Aliziweka mezani kwa upole, bila kuzipigiza, kwa sababu kule chini kumfunulia mtu karata nzuri kwa majivuno ni utovu wa adabu.

Mtukufu akatazama za mama. Akatazama zake. Nilimwona akihesabu, midomo ikicheza kidogo, mzee wa watu, na nilimwona anafika mahali ambapo hesabu ilikuwa inampeleka. Shingo yake ikapungua ndani ya kola.

"Kizibo," akasema taratibu. "Hizi zangu ni nzuri au si nzuri?"

Mheshimiwa Kizibo akainamisha uso. "Ni nzuri, Mtukufu."

"Saburi?"

Bwana Saburi, aliyesoma kanuni mpaka ukurasa wa mwisho, alitazama karata, akatazama dari. Alikuwa na mke na wajukuu kama watu wengine. "Kwa mujibu wa itifaki," akasema, "karata za Mtukufu ni nzuri."

"Ni nzuri!" ukaitikia ukumbi. Haukuitikia kwa nguvu kama siku zote. Uliitikia kwa sauti ya watoto walioshikwa wakila sukari. Nami nikaufunika mdomo wangu kwa maikrofoni, nikaliambia taifa kwamba Mtukufu ameshinda kwa karata nzuri.

Nilidhani angekataa. Nataka kuamini kwamba kwa kitambo kidogo alitaka kukataa. Lakini kama zile hazikuwa nzuri, za jana zilikuwa nini? Na za mwaka juzi? Na shamba la mkonge, na bandari, na ile shule ya viziwi iliyogeuka zizi la farasi? Ungelazimika kurudi nyuma mpaka mwanzo. Akanyoosha mkono, akavuta kapu, bila kumtazama mtu.

Kipande cheupe kikateleza ukingoni. Kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi kwenye mguu mtupu wa Mama Kalunde, kikalala hapo.

Mama akainama, akakiokota. Akakipangusa kwenye khanga yake. Akakiweka mbele ya Mtukufu.

"Hiki kimeanguka, baba," akasema.

"Asante, mama," Mtukufu akajibu, akiwa anaangalia kitambaa cha kijani. Kwa jumla ukumbi wote ulikuwa unaangalia kitambaa cha kijani. Ni kitambaa kizuri, kililetwa kutoka nje.

*

Ushindi nchini kwetu unatekelezwa haraka, tofauti na ahadi. Lori likatumwa Mwambashimo kuhamisha wodi. Likapakia vitanda, magodoro, mabati, taa za sola, sanduku la vifaa lililopigwa lakiri ya Ikulu, na Sista Matilda, ambaye naye alikuwa sehemu ya kapu. Alibandikwa namba kifuani na kuketishwa juu ya magodoro.

Mimi nilitumwa kijijini kwa Mtukufu kutangaza mapokezi. Nyumba ya wageni ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa. Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni, na Mtukufu alisimama mbele yake na mkasi mkononi. Hakuwa mchangamfu. Tangu siku ile alikuwa anafunika karata zake kwa viganja vyote viwili, hata akiwa anacheza peke yake.

Lori likaingia uwanjani kwa kishindo. Nikasema, "Ndugu msikilizaji, sasa tunashuhudia matunda ya Bajeti." Vijana wawili wa itifaki wakavuta turubai.

Vitanda vilikuwa vimepangwa vizuri. Kwenye kimoja alikuwa amelala Kalunde, jasho limemlowanisha, na pembeni yake mama yake amemshika mkono. Kwa maelezo niliyopata baadaye, uchungu ulimshika wakati wodi inapakiwa. Hapakuwa na gari jingine linaloondoka Mwambashimo, na dereva alisema njia yake inapita karibu na hospitali ya mkoa. Ikapita karibu kweli. Lakini mtoto hakusubiri. Kwa hiyo alizaliwa pale pale ndani ya lori, kwenye kitanda cha jozi ya tisa, chini ya mabati yale yale, mikononi mwa mkunga yule yule. Wodi nzima ilikuwepo isipokuwa jengo. Alitoka tumboni wakati lori linakata kona ya lango.

Sista Matilda alikuwa amemshika mtoto, bado ameungana na mama yake kwa kitovu. Sanduku la vifaa lilikuwa limefungwa kwa lakiri, na kulifungua bila kibali ni uhaini. Akatazama huku na huku, akamwona Mtukufu.

"Naomba huo mkasi, baba," akasema.

"Mkasi huu ni wa Dola," Mheshimiwa Kizibo akaingilia. "Ni wa kukatia utepe tu. Kwani hamkuweza kumaliza mambo yenu njiani?"

"Tulijaribu, mheshimiwa," akasema Mama Kalunde. "Barabara ilikuwa na mashimo." Aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililotushinda. Angetutukana tungejua la kufanya. Tuna sheria ya matusi.

Mtukufu alisimama akiuangalia mkasi. Kisha akamnyooshea Sista Matilda kwa upande wa mpini, kama watoto wanavyofundishwa, akageuka nyuma na kuutazama ukuta wa rangi ya maziwa. Sista akaumwagia spiriti kutoka chupa ndogo ya mfukoni, akafanya kazi yake. Mtoto akalia.

Akalia, ndugu msomaji, kwa sauti ambayo sijawahi kuipata kwenye maikrofoni yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba iko wazi. Ile sauti ikaenda nchi nzima, kwenye vibanda vya vinyozi na mashine za kusaga, kwa muda wa kutosha kila mtu kugeuza shingo. Kisha studio wakakata, wakaweka bendi ya magereza. Baada ya wimbo, msomaji wa zamu akaomba radhi kwa niaba ya kituo kwa hitilafu fupi ya mitambo iliyojitokeza katika matangazo ya moja kwa moja.

Nilipowashiwa tena ilibidi niseme kitu. Nikasema vitanda vimefika salama. Hilo si uongo, nenda kaangalie.

Kalunde akaombwa kwa adabu ashuke, kitanda kilikuwa kinahitajika ndani. Wakampandisha tena lori likiwa tupu, pamoja na mama yake na mtoto amefungwa kwenye khanga, wakarudi kwao. Sista Matilda alibaki, maana alikuwa na namba. Na kwa kuwa mkasi ulikwishatumika kwa shughuli isiyo ya itifaki, utepe haukukatwa, na nyumba ile haijafunguliwa rasmi mpaka leo. Vitanda vimo ndani, vimetandikwa, hakuna anayelala.

Jioni nilifika nyumbani. Mama yangu alikuwa jikoni, redio yake ndogo iko juu ya kabati la vyombo kama kawaida. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikaketi. Akanimiminia chai, akaniletea, akasimama hapo hapo na birika mkononi.

"Sudi mwanangu."

"Naam, mama."

"Ile hitilafu ya mitambo," akasema, "ilikuwa ya kike au ya kiume?"

Nilitazama kikombe. Masikio yaliniwaka moto hadi shingoni.

"Ya kike, mama."

"Mungu amkuze," akasema mama, akanyoosha mkono, akaizima redio.